Usikitupe Kipanya Kabla ya Kuiuliza Kompyuta

Ndugu msikilizaji, leo nazungumza na wenye laptopu za Linux, hasa wale ambao kipanya chao kisicho na waya kimekuwa kero ya kila siku. Unasogeza mkono, mshale umeganda. Unatikisa, bado. Ghafla unaruka hadi pembe ya skrini na kubofya kitu ambacho hukukusudia. Au umeinuka kidogo kumfungulia mgeni mlango, ukirudi kipanya hakiitiki mpaka uchomoe kile kipokezi chake na kukichomeka upya.

Nimeamua kulizungumza jambo hili kwa sababu najua mara nyingi linaishia wapi. Mwenye laptopu anakwenda kwa fundi. Fundi hamwulizi hata swali moja, anasema, "Hii Linux ndiyo inayosumbua, niachie nikufutie nikuwekee nyingine." Kinafutwa kila kitu, unawekwa mfumo usio na leseni, mtu analipa, anarudi nyumbani na kipanya kile kile, na wiki haijaisha kimeanza tena. Mwingine anaambiwa anunue kipanya kipya. Ananunua, anafurahi siku kadhaa, kisha mambo yanarudi yale yale. Fedha imekwenda na chanzo kiko palepale. Hilo linaniuma, maana watu wetu wengi wanaotumia Linux wameichagua kwa sababu laptopu zao si mpya na hawana fedha za kuchezea.

Ninachotaka kukushawishi ni hiki: kipanya kikikatikakatika, mara nyingi chenyewe ni kizima na Linux yako ni nzima. Ubovu uko kwenye hewa iliyo kati ya kipanya na kompyuta, au uko kwenye umeme ambao kompyuta inaubana ili betri idumu. Na Linux inakuruhusu uiulize ni lipi kati ya hayo, nayo inajibu kwa maandishi. Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza.

Lakini lazima tujue kwanza tunazungumzia kipanya gani, maana viko vya aina mbili na dawa zake zinatofautiana. Aina ya kwanza huja na kipokezi kidogo cha plastiki unachochomeka kwenye poti ya USB. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kwa vipokezi vingi, kompyuta yenyewe haina habari kwamba kuna redio. Inachokiona ni kipanya cha kawaida kilichochomekwa kwenye USB. Mazungumzo yote ya redio yanafanyika kati ya kipokezi na kipanya, nje ya mamlaka ya Linux. Aina ya pili ni ya Bluetooth, isiyo na kipokezi cha kuchomeka. Huko kompyuta ndiyo inayofanya kazi ya redio, kwa chipu ambayo kwenye laptopu nyingi iko kwenye kadi moja na waifai, ikiongozwa na programu iitwayo BlueZ, iliyotoka mwaka 2001 na ambayo karibu kila toleo la Linux huitumia. Ukisikia ushauri juu ya kipanya, uliza kwanza unahusu aina gani.

Vya bei rahisi tuvimalize haraka. Betri zile za zinki na kaboni, tunazozinunua dukani kwa ajili ya saa ya ukutani, voltiji yake huanza kushuka mapema. Kipanya kinaendelea kuwaka taa yake nyekundu, kumbe redio yake imekwisha nguvu. Weka betri ya alkalini, mpya, halafu ndipo uhukumu. Wenye betri za kuchaji za nikeli wajue kwamba zile huwa na volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kipanya kinaweza kulalamika kwamba betri imekwisha wakati bado ina chaji nyingi. Na meza. Kipanya cha taa husoma mikwaruzo na nyuzi za kitu kilicho chini yake. Juu ya kioo hakina cha kusoma, kwa hiyo mshale unayumba. Tandika daftari au kitambaa kisichong'aa ujaribu tena. Kama kimepona, hatuna haja ya kuendelea, zima redio ukafanye kazi.

Hakijapona? Basi tuiulize kompyuta. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Naomba usiliogope, maana amri ninayokupa haifuti wala haibadilishi kitu, inasoma tu. Chukua kalamu. Andika sudo, acha nafasi, andika dmesg, yaani d, m, e, s, g, acha nafasi, weka kistari, kisha herufi w. Bonyeza Enter, andika nywila yako, ambayo haitaonekana unapoiandika, na bonyeza Enter tena. Maandishi mengi yatapita, kisha dirisha litatulia. Kuanzia hapo, kila kifaa kitakachoingia au kutoka, kerneli, yaani kiini cha Linux, itakitangaza hapo papo hapo. Liweke pembeni ya skrini, endelea na kazi zako kama kawaida, usubiri kipanya kikatike. Kikishakatika, mkono usikimbilie kuchomoa kitu. Tazama dirisha kwanza.

Ukiona mstari wenye maneno "USB disconnect", na chini yake mistari inayotangaza kifaa kipya kimeingia, maana yake kipokezi kizima kilipotea machoni pa kompyuta kisha kikarudi. Hapo shida ni poti, au umeme unaokwenda kwenye poti. Lakini ukiona dirisha liko kimya, hakuna hata mstari mmoja ulioongezeka wakati mshale ulipoganda, basi kompyuta bado inakiona kipokezi vizuri, ila kipokezi hakikisikii kipanya. Hapo betri ikiwa ni nzima, na kipokezi hakijalazwa usingizi kama nitakavyoeleza mbele, shida ni hewa. Ukimya huo ni jibu la thamani, kwa sababu unakuambia kwamba hata ukifuta Linux ukaweka mfumo mwingine wowote duniani, kipanya kitaendelea kukatika. Yule fundi wa kufuta angeusubiri ukimya huo dakika chache tu, asingemlipisha mtu bure.

Nitoe mfano niliousimamia mwenyewe. Mwalimu wa hesabu wa sekondari, mama mtu mzima, ana laptopu iliyotumika, ya zile zinazoingia kutoka Dubai na Ulaya, nayo imewekewa Linux Mint. Kipanya chake ni cha kipokezi. Asubuhi kizima, jioni kinakatika.

Nikamwuliza, "Shikamoo Mwalimu. Jioni unafanya nini ambacho asubuhi hukifanyi?"

"Marahaba mwanangu. Jioni naingiza alama za wanafunzi, basi."

"Hizo alama ziko wapi?"

"Ziko kwenye diski yangu ya nje. Naichomeka hapa ubavuni."

Ubavuni hapo palikuwa na poti mbili zilizokaribiana, zote zenye ulimi wa bluu ndani. Moja ina diski, ya pili ina kipokezi cha kipanya. Tukafungua dmesg, tukaanza kunakili folda kubwa kutoka kwenye diski. Mshale ukaanza kusuasua papo hapo, na dirisha likabaki kimya. Kunakili kulipokwisha, mshale ukatulia. Tukanakili tena, ukasuasua tena. Mwalimu aliona kwa macho yake.

Ulimi wa bluu ni alama inayotumika sana kwa poti za USB 3.0. Poti hizo hupitisha data kwa kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele ya umeme inayotokana na kasi hiyo huvuja kutoka kwenye poti, kwenye waya na kwenye kifaa chenyewe. Sehemu ya kelele hiyo huangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4 hadi 2.5, na humo ndimo kipanya kinamozungumza. Hili halijafichwa. Intel, kampuni iliyoshiriki kuibuni USB 3.0, ilichapisha maelezo yake Aprili 2012, ikaonyesha kwamba diski ya USB 3.0 ikichomekwa kwenye kompyuta, kelele katika masafa hayo inaweza kupanda karibu desibeli 20, yaani nguvu yake inazidi mara mia hivi. Ikaeleza pia kwamba kelele hiyo haichujiki kirahisi, kwa sababu imekaa ndani ya masafa yale yale yanayobeba data. Ndugu msikilizaji, mtu ananong'ona na wewe unataka kumsikia, halafu pembeni ya sikio lako wamewasha mashine ya kusaga. Msemaji hana kosa, na sikio lako ni zima. Ondoka pale penye mashine.

Na kuondoka kwenyewe ni rahisi. Tulichukua waya wa kurefushia USB, wa kawaida wa nusu mita, tukachomeka kipokezi kwenye ncha yake na kukiweka mezani karibu na kipanya, mbali na diski. Tukanakili folda ile ile. Mshale ukatembea umenyooka. Mwalimu akauliza, "Yaani ni waya tu?" Ni waya tu. Kama laptopu yako ina poti nyeusi ya USB 2.0 upande wa pili, hata waya unaweza usiuhitaji: kipokezi kihamie huko. Kwa maoni yangu kila anayeuza kipanya cha namna hii angepaswa kumwambia mteja jambo hili kabla ya kupokea fedha, kwa sababu diski za nje na flashi za USB 3.0 sasa ziko kila mahali, na laptopu zetu nyingi zina poti zilizobanana.

Hewa ina wakazi wengine pia. Masafa yanayotumiwa na kipanya, kuanzia megahezi 2400 hadi 2483.5, hayahitaji leseni katika nchi nyingi, na kwa sababu hiyo wote wamehamia humo. Waifai imo. Bluetooth imo. Oveni ya maikrowevu inapasha chakula kwa megahezi 2450, katikati kabisa. Chaneli moja ya waifai inachukua upana wa kama megahezi 20, ndiyo kusema karibu robo ya eneo zima. Bluetooth imejengwa kwa ujanja wa kuhama: ile ya kawaida ina chaneli 79 na hurukaruka kati yake mara 1600 kwa sekunde, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imejifunza kuziepuka chaneli zenye msongamano. Vipokezi vingi vya bei ya chini havina ustadi wa kiwango hicho, kwa hiyo jirani akiwasha kitu vinaumia.

Na jirani huyo mara nyingi ni simu yako. Wengi wetu intaneti yetu ni hotspoti ya simu, na simu tunailaza hapo hapo kando ya laptopu, sentimita chache kutoka kwenye kipokezi. Simu nyingi hutangaza hotspoti kwa gigahezi 2.4. Ukianza kupakua kitu kizito, waifai inajaza hewa na kipanya kinaanza kuruka. Hapa kuna njia tatu za kujaribu. Isogeze simu upande wa mbali wa meza. Kama simu na laptopu zote zinaweza, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uibadilishe iwe ya gigahezi 5, ambako kipanya hakipo. Au unganisha simu kwa waya wake wa kuchajia na uwashe intaneti kwa njia ya USB: Linux inaitambua mara moja bila kuongeza draiva, waifai unaizima kabisa, na simu inachaji hapo hapo. Mimi naipenda hii ya mwisho kuliko zote.

Turudi sasa kwa yule ambaye dirisha lake halikukaa kimya, aliyeona "USB disconnect". Anza na mkono wako. Chezesha kipokezi kidogo kwenye poti. Laptopu zilizokwishatumika miaka mingi ofisini kwa watu, poti zake hulegea, na kipokezi kifupi kinaweza kupoteza mguso ukigusa meza tu. Kama mstari unatokea kila ukikichezesha, hama poti. Kama kipokezi kipo kwenye kigawanya poti kisicho na umeme wake chenyewe, kitoe huko, kichomeke moja kwa moja kwenye laptopu.

Halafu kuna suala la usingizi, ambalo linaweza kutokea hata dirisha likiwa kimya, na hapa lazima tusikilizane vizuri, kwa sababu lawama nyingi zinazotupwa kwa Linux zinatoka hapa. Kerneli ya Linux ina uwezo wa kukilaza kifaa cha USB ambacho hakijafanya kazi kwa muda, na muda wa kawaida ni sekunde 2. Lakini kwa kawaida kerneli yenyewe haivilazi vipanya. Inasubiri programu nyingine iiambie ifanye hivyo. Programu inayofanya hivyo mara nyingi ni powertop. Watu wanasoma mahali kwamba powertop huongeza muda wa betri, wanaiendesha kwa amri ya kurekebisha yote kwa mkupuo mmoja, na yote ni pamoja na kipanya. Matokeo yake yana sura yake: ukiwa kazini mfululizo kipanya hakina shida, ukitulia kidogo kusoma ukurasa, ule mwendo wa kwanza wa mkono unapotea, au unabofya mara moja na hakuna kinachotokea, unabofya tena ndipo kinaamka. Ukiona hivyo, usitafute tena kwenye hewa.

Ifungue powertop uone kwa macho yako. Iendeshe kwa sudo, nenda kwenye ukurasa wake wa marekebisho. Kila kifaa kina mstari, na mbele yake kuna neno "Good" au "Bad". Kwa powertop, kifaa kinacholala ni kizuri na kilicho macho ni kibaya. Kitafute kipokezi chako. Kikiwa kimeandikwa "Good" kimelazwa. Simama kwenye mstari huo, bonyeza Enter, kigeuke kuwa "Bad", kisha jaribu kutulia na kusogeza tena. Kama kimepona, umekamata mhalifu. Umeme unaookolewa kwa kulaza kipokezi kidogo vile ni kidogo mno, haufai kulipiwa kwa usumbufu wa kutwa. TLP, programu nyingine ya kutunza betri, ina busara zaidi hapa, kwani huviacha vipanya na kibodi macho bila kuambiwa.

Badiliko la powertop linapotea ukizima kompyuta. La kudumu linataka uandike sheria moja kwenye folda ya udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa, na ili uiandike unahitaji namba za kifaa chako. Amri ni lsusb, herufi tano, l, s, u, s, b. Kila mstari utakaotokea una jozi ya namba na herufi, nne kisha nne, katikati nukta mbili. Kipokezi cha Logitech cha aina ya Unifying, kwa mfano, husomeka 046d, nukta mbili, c52b. Chako kinaweza kuwa tofauti. Ziandike namba hizo kwenye karatasi. Sheria yenyewe ni ya mstari mmoja, nayo inaiambia kompyuta: kila kifaa chenye namba hizi kikichomekwa, weka usimamizi wake wa umeme uwe "on", yaani kisilazwe. Sitaisoma hapa hewani, kwa sababu nukta moja ikikosewa haifanyi kazi, lakini mtu yeyote aliyezoea Linux atakuandikia kwa dakika mbili ukimpa hizo namba.

Wa Bluetooth hatukuwasahau. Ninyi mna matatizo yenu, na la kwanza ni kuoanisha bila kuamini. Programu ya bluetoothctl inafanya mambo matatu tofauti: kuoanisha, kuamini na kuunganisha. Ukioanisha na kuunganisha tu, kipanya kinafanya kazi leo, na kesho kikiamka na kuomba kuingia chenyewe, kompyuta inaweza isikipokee. Ndani ya bluetoothctl andika trust, nafasi, kisha anwani ya kipanya. Hiyo ni ruhusa ya kudumu.

La pili linawapata sana wanafunzi wa vyuo, wale wenye Linux na Windows kwenye laptopu moja. Kipanya kilikuwa kizima upande wa Linux. Jana umeingia Windows ukakioanisha huko. Leo umerudi Linux, kipanya kinaonekana kwenye orodha lakini hakiungani. Hakijaharibika. Kila mara vinapooanishwa, kipanya na kompyuta hukubaliana ufunguo wa siri. Kwa kipanya, Windows yako na Linux yako ni kompyuta moja, kwa sababu chipu ni moja na anwani ni moja, hivyo ufunguo mpya wa Windows umefuta ule wa Linux. Linux hutunza funguo zake kwenye folda ya /var/lib/bluetooth. Suluhisho ni kuoanisha Linux kwanza, kisha Windows, halafu kuuchukua ule ufunguo wa Windows na kuuandika kwenye faili la Linux. Inataka utulivu na msaada wa mtu anayejua, lakini ukishaifanya huirudii mpaka siku utakapooanisha upya.

La tatu ni mshale mzito, usiokatika kabisa ila unaburuta. Kipanya cha Bluetooth cha kizazi kipya hakizungumzi mfululizo. Kinakutana na kompyuta kwa vipindi. Kipanya kinaweza kuomba kipindi cha milisekunde 7.5, wakati kiwango cha kuanzia cha kerneli ni kati ya milisekunde 30 na 50. Vikibaki kwenye 50, mshale unapata habari mara 20 tu kwa sekunde, na jicho linaona. Mara nyingi kipanya huomba chenyewe na kukubaliwa. Kisipokubaliwa, vipindi hivyo vinaweza kuandikwa kwenye faili la kipanya katika folda ile ile ya /var/lib/bluetooth. Kabla hujafika huko, jaribu kuzima waifai dakika tano. Kama mshale umekuwa mwepesi, ujue kadi moja inahudumia mabwana wawili. Hamisha waifai kwenye gigahezi 5, uache faili la watu. Na kama Bluetooth nzima inapotea baada ya kutulia, si kipanya peke yake, shuku ule ule usingizi tuliouzungumza: draiva ya Bluetooth iitwayo btusb nayo ina uwezo wa kulala, na kuna mpangilio wa kuizuia.

Niseme na hili, japo si la kukatika. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Bastille walionyesha kwamba vipokezi vya vipanya vya watengenezaji kadhaa vilikuwa vinapokea mawimbi bila kuhakiki yanatoka kwa nani, kiasi kwamba mtu aliye mbali aliweza kuiandikia kompyuta maneno kana kwamba ameshika kibodi yake. Waliuita udhaifu huo MouseJack. Baadhi ya vipokezi vilitolewa programu mpya ya ndani ya kuziba tundu hilo, na kwenye Linux programu iitwayo fwupd inaweza kuiweka kwa baadhi yake, vikiwemo vya Logitech. Kama kipokezi chako ni cha miaka ile, iendeshe fwupd. Wenye vipokezi vya Logitech wana pia programu ya Solaar, ya bure, iliyoandikwa na watu wa kujitolea, inayokuonyesha chaji ya betri na kukuwezesha kuunganisha kipanya kingine na kipokezi ulicho nacho. Nawaheshimu sana watu hao. Wametufanyia kazi ambayo hakuna aliyewalipa.

Ikiwa umejaribu haya yote na kipanya bado kinakatika, kijaribu kwenye kompyuta nyingine, isiyo na diski wala hotspoti karibu. Kikikatika na huko, basi chenyewe ndicho kibovu na sasa una haki ya kukitupa. Kisipokatika, nenda ukaombe msaada, lakini usiende mikono mitupu ukasema "haifanyi kazi". Nenda na jina la toleo lako la Linux, namba ya kerneli unayoipata kwa amri ya uname, nafasi, kistari, r, namba za kipokezi kutoka lsusb, na ile mistari ya dmesg ya dakika kipanya kilipokatika, au taarifa kwamba hapakuwa na mstari wowote. Mwenye ujuzi akipewa hayo anajua aanzie wapi, na fundi wa kufuta anakosa la kusema.

Na ukienda kununua kipya, beba laptopu yako dukani. Chomeka kipokezi, chomeka diski yako poti ya pili, washa hotspoti ya simu, anza kupakua kitu, kisha ukijaribu kipanya hapo hapo mezani pa muuzaji kabla hujalipa.